Televisheni ya Karakana ya Umeme

Mkuu wa wafanyakazi aliniita ofisini kwake akaniambia, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, kwamba mwezi ujao ningeondoka karakana ya umeme niende sekretarieti kujifunza kupiga mashine ya kuchapa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinionyesha kiti alichokalia yeye mwenyewe, akasema viti vya sekretarieti ni vya namna hiyo, vina mto, na dirishani kuna pazia.

"Citoyenne, kule ateliye ni vumbi na mafuta," alisema, akimaanisha karakana. Siku zile serikali ilikuwa imefuta bwana na bibi. Wote tulikuwa citoyen na citoyenne, yaani raia, hata mtu na mgomvi wake. "Minye niko na batoto banamuke kama weye. Siwezi kubaacha mule."

Nikajibu, "Ndiyo, citoyen," nikatoka, nikaenda nyuma ya stoo ya nyaya nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na ninaomba msomaji asichanganye hayo mawili. Nilikuwa na diploma ya ufundi umeme niliyoipata katika darasa la wavulana tupu, na kichwani mwangu diploma ile ilikuwa ngazi ya kwanza tu. Nilitaka kuwa mhandisi. Nilitaka kupelekwa Lubumbashi kusoma, kama Kampuni, ile ya madini iliyotuajiri, ilivyowapeleka vijana wachache iliowaona wanafaa, na hakuna mtu aliyewahi kuchaguliwa kwenda kusomea uhandisi akitokea nyuma ya mashine ya kuchapa.

Baba yangu, kwa upande wake, alifurahi. Alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri za kuyeyushia madini za Panda, upande wa viwanda wa Likasi, tangu kabla sijazaliwa, na kwake kazi nzuri ilikuwa kazi yenye kivuli.

"Mama," aliniambia, maana binti wa kwanza kwetu huitwa mama na baba yake, "kiti na dirisha, unatafuta nini ingine?"

Nilikula ugali wangu kimya, na kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa kimya, mama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Palikuwa na mlango mmoja tu uliobaki. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kabla ya kutoka kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia, karakana zote za Panda zilikusanyika kwenye ukumbi wa mafunzo kwa jambo tulilokuwa tunaliita Saa ya Mapya. Fundi mmoja alisimama mbele akaeleza kitu kipya cha dunia ya uhandisi, kitu alichokisoma kwenye majarida yaliyotoka Ubelgiji, yakifika kwetu yamezeeka na mara nyingine kurasa zimekatwa na watu waliopenda picha. Mkurugenzi wa karakana zote mwenyewe alikuja kusikiliza. Aliyeeleza vizuri, jina lake lilikumbukwa. Ndivyo wale vijana wa Lubumbashi walivyopatikana.

Nisije nikaitia chumvi Saa ya Mapya. Kuna Jumamosi fundi mmoja alitusomea makala nzima ya pampu, neno kwa neno, mpaka mkurugenzi akasinzia na kidevu kikagonga kifua. Kuna Jumamosi nyingine tulionyeshwa kikokotoo cha kwanza cha mfukoni, kile chenye tarakimu nyekundu. Chefu wangu, mkuu wa karakana ya umeme, alikipokea kwa vidole viwili, akapiga hesabu juu yake, kisha akatoa rula yake ya kukokotolea, ile ya kuteleza, akaipiga hesabu ileile upya. Alipoona majibu yanalingana akaitikia kwa kichwa na kusema, "Iko nafanya muzuri," akimaanisha kikokotoo. Kikokotoo kilikuwa kimefaulu mtihani.

Ninamcheka lakini nilimpenda. Alikuwa mhandisi wa kweli, mwenye subira, na ndiye aliyenipa majarida yale nikayasome nyumbani. Kasoro yake ilikuwa ileile ya wakubwa wote wa Likasi wakati ule: kifaa kipya kikifika, kwanza kinaheshimiwa. Kinawekwa ofisini kwa chefu, kinafungiwa, wageni wanakuja kukitazama. Hakikuwa kiburi tu. Kila mtu alijua kwamba kikiungua leo, kingine kitafika wakati wajukuu zetu wanastaafu.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwa osiloskopu. Ilifika kwenye sanduku la mbao lililojaa maranda ya mbao, kitu kizito cha kijivu chenye kioo cha mviringo mbele na vitufe vya kuzungusha vimejipanga kama vifungo vya abacost, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai. Kazi yake ni kuchora umeme. Umeme hauonekani, unajulikana tu kwa sindano ya mita inayopanda na kushuka. Osiloskopu inakuonyesha umbo lake lenyewe, mstari wa kijani unaotembea juu ya kioo, ukipanda pale umeme unapopanda na kuanguka pale unapoanguka. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa cha Kijerumani, lugha ambayo Likasi nzima aliijua padri mmoja tu, naye hakujua umeme. Chefu akaiweka juu ya kabati lake. Mke wake akaifumia kitambaa cheupe cha uzi, kama watu wanavyofanya kwa radio sebuleni, na kitambaa kile kikaning'inia mbele ya kioo kwa miezi.

Nilikwenda kwa chefu siku ileile niliyolia.

"Chefu, Jumamosi inakuya njo zamu ya karakana yetu," nilisema. "Minye nataka kuonyesha osiloskopu. Si kusoma. Kuonyesha."

Alivua miwani. "Unaijua?"

"Majarida yalikuwa na masomo yake, toleo kwa toleo. Niliyasoma yote."

"Kusoma ni kusoma. Weye unaisha kuigusa?"

"Chefu, nani anaisha kuigusa?"

Hakuna aliyewahi kuigusa, naye alijua. Akatazama kabati, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amesikia habari ya sekretarieti; ni yeye ambaye angepoteza fundi. Mwishoni alisema nitaipata Jumamosi asubuhi, si kabla, na kwamba ikitoka moshi yeye na mimi tutakwenda pamoja kupiga mashine.

Kwa hiyo nilikuwa na siku chache za kujifunza chombo ambacho singekigusa. Nilikwenda ofisini kwake kwa kisingizio cha kuuliza hili na lile, nikainua kitambaa, nikatazama, nikarudisha. Nyumbani nilichukua boksi la sabuni, nikakata uso wake, nikachora kioo na kila kitufe mahali pake, nikatoboa, nikapachika vifuniko vya chupa za bia vinavyozunguka. Kila jioni nilikaa mezani mbele ya boksi langu nikizungusha vifuniko. Mwanga juu kidogo. Mstari katikati. Kipimo cha urefu, kipimo cha muda. Mstari ukikimbia, kitufe cha chini kulia kuusimamisha. Nilifunga macho nikafanya tena, mpaka vidole vikajua njia vyenyewe.

Sasa nimfikie shangazi yangu. Huyu ni dada wa baba, aliishi nyumba ya pili kutoka kwetu, mwimbaji wa kwaya ya parokia, mwanamke ambaye habari ikimfikia haikai. Aliingia jioni moja akanikuta nimefunga macho nazungusha vifuniko vya bia.

"Ni nini ile?"

"Ni mashine ya kazini, shangazi. Jumamosi nitaionyesha kwenye ukumbi. Kwenye kioo mule munaonekana..."

Hakuningoja nimalize. Alitazama mraba wa boksi, kioo kilichochorwa katikati, vitufe pembeni. Shangazi alikuwa amefua nguo kwenye majumba ya wakubwa na alijua televisheni ilivyo. Likasi wakati ule televisheni zilikuwa chache mno, zote nyuma ya nyua za michongoma. Na Jumamosi ile, asubuhi, timu ya taifa ilikuwa inacheza mpira.

Aliondoka bila hata kunywa maji. Mimi nilishukuru nimepata utulivu, nikarudi kwenye vifuniko vyangu. Hivyo ndivyo nilivyo: nikishika jambo, nyumba inaweza kuungua nyuma yangu.

Jumamosi asubuhi chefu mwenyewe alibeba osiloskopu kutoka kabatini mpaka ukumbini, hakumwachia mtu. Niliiweka mezani, nikachomeka, nikangoja ipate moto. Mkurugenzi aliketi mbele, mtu mfupi mpole aliyependa kuuliza swali moja tu kila Saa ya Mapya na swali lile likamuua mtoa mada. Kando yake aliketi mkuu wa wafanyakazi, aliyenitabasamia kama mtu anayemtazama mtoto akicheza kwa mara ya mwisho. Nyuma mafundi, wanaume wote.

Ndipo tukasikia watu.

Kwanza sauti, kisha vumbi, kisha wao wenyewe, wakipita lango la karakana na mlinzi akirudi kinyumenyume mbele yao. Kambi nzima ya wafanyakazi tuliyoishi ilikuja. Wazee walivaa mashati ya Jumapili. Wanawake wa kwaya walikuja na vigoda, watoto wakibeba mikeka, na kuna baba mmoja alikuja na kiti cha sofa kichwani. Mbele kabisa alikuwa shangazi yangu, akiwapungia wengine mkono wapite, kama mwenye nyumba.

"Apa, apa! Mukae! Binti yetu atafungua tele sasa hivi."

Chefu alinigeukia na uso ambao sijausahau.

"Citoyenne," alinong'ona, "umebaambia nini bale bantu?"

Mkuu wa wafanyakazi alikuwa tayari amesimama kuwafukuza. Mkurugenzi aliinua kidole kimoja, akasema, "Bangoje. Nataka kuona." Sikujua kama alikuwa upande wangu au alitaka kuona nikianguka vizuri.

Niligeukia mashine. Kioo kikabaki cheupe. Nilizungusha mwanga, nikauongeza mpaka mwisho, na bado sikuona kitu, na watu wakaanza kusema kwa nguvu, mmoja akiuliza timu zimekwisha kutoka vyumbani au la. Kisha nikaelewa: ukumbi ule una madirisha makubwa pande zote mbili, na jua la asubuhi lilikuwa linaingia lote. Boksi langu la sabuni halikunifundisha jua.

"Kuko mwangaza mingi!" nilipaza sauti. "Tufunge madirisha!"

Hakukuwa na mapazia. Lakini wanawake wa kwetu hawatoki nyumbani na kikwembe kimoja, yaani kitenge; kuna cha kuvaa na kuna cha juu yake. Shangazi alifungua chake cha juu, akapanda kigoda, akakitundika dirishani. Wakamfuata wote. Katika muda mfupi madirisha yalijaa maua, ndege, nyuso za rais zilizochapishwa, na ukumbi ukaingia giza la rangi nyingi. Watu wakanyamaza. Walidhani mpira unaanza.

Na juu ya kioo, katikati kabisa, ukaonekana mstari wa kijani, mwembamba, umelala.

"Ni nini ile?" aliuliza mzee mmoja.

"Ni mustari," akajibiwa.

"Na benye kucheza?"

Nilikuwa na kipaza sauti nilichokitoa kwenye simu mbovu, na betri yake, nimekiunganisha na osiloskopu. Niliandaa kukigonga kwa kidole ili mafundi waone mstari ukiruka, ndiyo yote niliyokuwa nimepanga. Lakini mbele yangu nilikuwa na watu waliokuja kutazama mpira, na hasira yao ilikuwa inapanda kama maziwa motoni. Nikamnyooshea shangazi kipaza sauti.

"Shangazi, imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Sauti yako itaonekana."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha, kwa kuwa hajawahi kukataa kuimba maishani mwake, alifungua kinywa akatoa sauti ya kwanza ya wimbo wa Pasaka. Mstari ulisimama. Sina namna nyingine ya kusema. Ulisimama ukawa mawimbi, juu na chini, ukijaza kioo chote, na alipopanda sauti mawimbi yakasongamana, na aliposhuka yakaachana. Yalikuwa yanakimbia, vidole vyangu vilikwenda chini kulia bila kuniuliza, na mawimbi yakatulia, yakasimama palepale yakitikisika kidogo. Shangazi aliiona sauti yake mwenyewe. Aliacha kuimba. Mstari ukalala. Akaimba, ukaamka.

"Ni minye?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Ni minye ule?"

"Ni weye, shangazi."

Ukumbi ulipasuka. Kila mtu alitaka kujiona. Mwenye sauti nzito ya kwaya, fundi wa matanuri mwenye kifua kama pipa, alitoa mawimbi mapana yanayotembea pole, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Mtoto mmoja alipiga mluzi, na mchoro wake ulikuwa laini na mzuri kuliko wote. Mafundi waliokuwa nyuma walisogea mbele, wakasahau kwamba wao ni mafundi. Nilieleza huku wakiendelea: kwamba hiki ndicho kinachopita kwenye waya wa simu, kwamba umeme unabeba sauti kwa kuiga umbo lake. Nilikuwa nasema Kiswahili, si Kifaransa cha Saa ya Mapya, na sikugundua mpaka nilipokuwa nimekwisha sema. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni.

Kisha mkurugenzi akainua kidole chake, na kelele ikashuka.

"Ni muzuri sana," alisema. "Lakini Kampuni haikununua hii juu ya kwaya. Inasaidia nini kazi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na lilikuwa la haki. Mkuu wa wafanyakazi alikunja mikono. Katika jarida palikuwa na majibu ya kutosha, ningeweza kuyatamka kama yule mtu wa pampu. Lakini nilimwona chefu wangu ananitazama, na mlango wa nyuma wa ukumbi ulikuwa wazi, na nje ya mlango ule palikuwa na mashine ya kuchajia betri za vigari.

Vigari vile ndivyo vilivyobeba mizigo kutoka karakana moja hadi nyingine, na kwa muda mrefu vilikuwa vinazimika njiani saa za mchana, vikisukumwa kwa mikono huku watu wakitukana. Wote tulisema betri zimezeeka. Betri mpya zilikuwa zimeagizwa Ulaya, na tulikuwa tunazingoja kama watu wanavyongoja mvua ya kwanza. Hakuna aliyeshuku mashine ya kuchajia, maana sindano yake ilionyesha kwamba umeme unatoka.

"Citoyen mkurugenzi," nilisema, "tuingize ile mashine ya kuchajia. Tuione."

"Unajua tutaona nini?"

"Sijui."

Nilisema kweli. Huenda ingekuwa nzima kabisa, nami ningebaki nimesimama mbele ya kambi nzima na mkono mtupu. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha panda juu sana kushuka.

Mafundi waliisukuma ndani juu ya toroli lake. Chefu mwenyewe aliunganisha nyaya, kwa uangalifu, akinieleza wapi pa kushika na wapi pa kuacha, kwa sababu pale palikuwa na umeme wa kuua. Mashine ile inachukua umeme wa njia tatu na kuufanya utiririke upande mmoja kuingia betri. Kwenye jarida palikuwa na mchoro wake: vilima vitatu, vitatu tena, vitatu tena, vimefuatana bila kukoma. Niliuchora ubaoni watu wote wauone. Kisha chefu akapandisha swichi.

Kioo kikaonyesha vilima viwili, na pengo. Viwili, na pengo.

Hata ambaye hakwenda shule aliweza kutazama ubaoni, akatazama kioo, akaona kinywa chenye jino moja limetoka. Shangazi ndiye aliyelisema.

"Moja inakosa."

"Moja inakosa," nilirudia, nami nilikuwa karibu kulia tena, na safari hii si kwa hasira.

Chefu alizima, akafungua kabati la mashine, na sasa ilikuwa zamu yake. Alikuwa na mikono myepesi kuliko mtu yeyote niliyemwona katika kazi ile. Alipima kila diode, ile sehemu ndogo inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na ya tatu ikawa imekufa. Ilikuwa ya kukaa kiganjani. Hiyo ndiyo iliyotufanya tusukume vigari. Aliniita nikae kando yake, akanipa spana, akasema, "Toa weye." Mtu wa stoo alikwisha kimbia na kurudi na nyingine. Niliitoa iliyokufa, nikaweka nzima, nikakaza, na mafuta ya mashine yakanipaka mpaka kwenye kiwiko cha gauni langu zuri.

Chefu alipandisha swichi.

Vilima vitatu. Vitatu, vitatu, vitatu, bila kukoma.

"Bao!" alipiga kelele yule baba wa kiti cha sofa, akarusha kofia yake, na kambi nzima ikaitikia. Vigelegele vilipanda kutoka kwenye vigoda vya kwaya, mafundi wakapiga meza, vikwembe vikadondoka madirishani na jua likaingia tena, na katikati ya mwanga ule nilimwona mkurugenzi wa karakana za Panda akipiga makofi kwa mikono miwili iliyoinuliwa, kama mtu aliye uwanjani. Timu ya taifa ilikuwa inacheza mahali fulani. Mpaka leo sijui ilishinda au ilishindwa.

Mkurugenzi alingoja watulie. Akamgeukia mkuu wa wafanyakazi.

"Ni huyu njo ulisema anaenda kupiga mashine?"

"Citoyen mkurugenzi, nilifikiri, juu ya vumbi..."

"Vumbi tutapangusa," alisema mkurugenzi. Kisha akaniambia mimi, kwa Kifaransa, polepole, kila mtu akisikia, kwamba ningebaki karakana ya umeme, kwamba osiloskopu itashuka kutoka kabatini na kukaa kwenye meza yangu ya kazi, na kwamba mwaka wa masomo ukianza ningekwenda Lubumbashi kusomea uhandisi pamoja na vijana wengine wa Kampuni. Aliyekuwa hajui Kifaransa alitafsiriwa na jirani yake, hivyo habari ilipita ukumbini kwa mawimbi, na kila wimbi lilikuja na vigelegele vyake. Mkuu wa wafanyakazi alinipa mkono. Nimesema alikuwa mtu mwema. Alikuwa anatabasamu kweli.

Salongo ya siku ile, Mungu anisamehe, haikufyekwa jani. Tulirudi kambini kwa maandamano, vigoda vichwani, shangazi akitembea mbele na kumwimbia kila aliyekutana naye njiani ili amweleze sauti yake ina umbo gani. Mimi nilikuwa katikati yao na mafuta kwenye kiwiko, nikicheka bila sababu, nikisukumwa na kuvutwa.

Baba hakuwa ukumbini. Zamu yake kwenye tanuri ilikuwa haijaisha. Habari ilimkuta hukohuko, kabla yetu, kama habari za Panda zilivyo, na tulipofika nyumbani alikuwa amesimama nje ya mlango, bado na nguo za kazi, uso mweusi kwa moshi, amezungukwa na majirani. Alikuwa anasema kwa sauti ambayo hakuitumia hata siku za harusi.

"Binti yangu iko ingénieur! Munasikia? Ingénieur!"

Niliona haya kuitwa mhandisi mbele ya majirani. Nilimsogelea nikamshika mkono.

"Baba, bado. Sijaanza hata kusoma. Ni miaka mingi."

Alinitazama, akatazama watu wote waliokuwa wanamsikiliza, kisha akaninamia, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Basi fanya mbio, mama," alisema. "Minye nilisha kubaambia bale bantu."